Alama Ndani ya Saa ya Nawej

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua. Mjomba wangu, karani wa mgodini ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alinipokea stesheni ya Kolwezi, akanitazama kuanzia viatu mpaka kola ya abakosti, ile suti ya bila tai, niliyoshonewa Kinshasa, akauliza, "Na ile diplôme yako, iko ya nini kabisa?"

Nikamjibu kwamba ni ya ufundi wa saa, kutoka Uswisi.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mutoto wa dada yangu! Hapa batu banaamuka na sirene ya mgodi, banakula na sirene, banarudia kwabo na sirene. Nani atakulipa juu ya kumuambia ni saa ngapi?"

Wengine walisema saa ni kazi ya Mzungu. Fundi wa mwisho aliyekuwa na duka mjini, Mreno mmoja, alikuwa ameondoka na funguo zake, na tangu hapo saa zilizokufa zililala kwenye madroo ya watu zikisubiri muujiza. Ninawaandikia haya ninyi wanafunzi wangu mnaokalia meza yangu sasa ili mjue kwamba wote walikosea. Nilikuwa fundi wa saa wa kwanza mwenye diploma katika Kolwezi nzima, labda katika jimbo letu la Shaba nzima, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Siku ya kwanza, hata hivyo, sikuwa na chombo hata kimoja. Sanduku la vyombo nililoligongea misumari mwenyewe kule Uswisi lilipanda meli, na kati ya bandari ya Matadi na nyumbani hakuna aliyeliona tena. Nilibaki na diploma ndani ya fremu, pamoja na lupu, kile kioo kidogo cha kubana jichoni, kwa sababu nilikuwa nimekitia mfukoni kama wengine wanavyotia rozari. Basi nilikopa. Sikukopa fedha, maana fedha hukopeshwa mtu ambaye tayari anazo. Nilikopa mahali, kiti na vyombo.

Mahali alinipa Baba Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Kasongo. Alikuwa na malori mawili na duka karibu na soko. Alinionyesha baraza ya duka lake na meza ya kioo iliyopasuka pembe moja. "Ikala hapa, mutoto. Ukishindwa, utanirudishia baraza. Ukishinda, utanirudishia baraza vile vile." Kiti kilitoka kwa mjomba, kutoka ofisini kwake. "Chukua," alisema. "Angalau utashindwa ukiwa umeikala."

Vyombo vilikuwa vya mzee Mwamba, Tata Mwamba kama tulivyomwita. Huyu alitunza saa za stesheni maisha yake yote ya kazi, na jioni, akiwa amekaa kizingitini pake, alitengeneza saa za mkono za wachimbaji. Nilimkuta anafunga mizigo kurudi Lubudi kulima mahindi. Mwezi mmoja nilikaa karibu naye, na ingawa nilijua majina ya Kifaransa ya kila skrubu, yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kusafisha saa iliyojaa vumbi la Kolwezi. Lile vumbi jekundu halipulizwi. Ukipuliza, unalisogeza mbele tu. Linaloweshwa kwa petroli safi, linaachwa lilegee, kisha linaondolewa kwa ncha ya kijiti cha mti laini. Jambo hili halimo katika kitabu chochote cha Uswisi, kwa sababu Uswisi hawana vumbi. Wana theluji, na wanaisafisha pia.

Tata Mwamba alinikopesha sanduku lake lote kwa sharti moja. Mnajua desturi yetu: fundi akifungua saa, kabla ya kuifunga huchora alama yake kwa sindano ndani ya kifuniko cha nyuma, ndogo kiasi kwamba mwenye saa hataiona. Fundi atakayefuata ataisoma kama barua. Alama ya Tata Mwamba ilikuwa reli: mistari miwili sambamba, na kila alipoifungua saa ileile aliongeza taruma moja, ule ubao wa kulalia reli.

"Bitu byangu, alama yangu," aliniambia. "Siku utakuwa na byako, utaandika yako."

"Tata, mi niko na diplôme."

"Minaona. Iko na sindano ndani?"

Haikuwa nayo. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa nimeshachora alama yangu mwenyewe kwenye karatasi kule shuleni, herufi ya jina langu yenye taji juu yake, nilianza kazi nikiandika reli za mtu mwingine. Iliniuma. Kila kifuniko nilichokifunga kilisema kwamba kazi ile nzuri ilifanywa na mkulima wa mahindi wa Lubudi.

Kazi yenyewe ilikuja haraka, na haikuwa ile niliyoitegemea. Wakati ule saa za kuiga, ambazo zamani ziliingia moja moja, zilianza kuingia kwa wingi kupitia mpaka wa Zambia: dhahabu tupu kwa nje, majina makubwa usoni. Baba Ramazani naye aliziuza, trei nzima, na alimwambia kila mnunuzi waziwazi, "Hii iko ya kuiga." Wengine hawakusema. Basi watu walinijia na swali moja tu: hii ya kwangu ni ya kweli?

Hili ndilo mtakaloulizwa maisha yenu yote, kwa hiyo nisikilizeni. Anzeni kwa sikio. Saa ya kweli ina mlio mwepesi, wa haraka, kama mtu anayepiga taipu chumba cha pili. Ya kuiga hupiga kwa nguvu na kukwaruza, kwa sababu ndani yake kile kipande tunachokiita nanga, kinachozuia gurudumu na kuliachia, kina vijiti viwili vya chuma pale ambapo cha kweli kina mawe mawili ya rubi. Kisha pimeni uzito kiganjani. Kisha lupu. Herufi za usoni katika saa ya kweli zina kingo kali, kama zimekatwa. Katika ya kuiga wino umetambaa kidogo, kama chai iliyomwagika. Maandishi ya nyuma ya saa ya kweli yamechongwa, na kidole kinayahisi. Ya kuiga yamegongwa kwa muhuri mmoja. Mwisho fungueni, mtazame skrubu. Mtengenezaji wa kweli husugua hata skrubu ambayo hakuna atakayeiona. Wa kuiga husema: nani ataiona? Nyinyi ndio mtakaoiona.

Lakini msiidharau ya kuiga. Nimezifahamu zilizotembea miaka bila kulalamika, na nimezika za kweli ambazo wenyewe walioga nazo.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la hapa kwetu peke yake. Vijana wa kiwanda cha kusafishia madini walikuwa wakitoka na asidi kidogo ndani ya kichupa cha dawa, na mtu akitilia shaka saa yake walidondosha tone ukingoni. Kijani kikitokea, hukumu imetoka: chini yake ni shaba, saa ni ya bongo, yaani ya uongo. Watu wetu wanaijua shaba, na kwa sababu wanaijua hawakumsikiliza mtu. Hawakujua kwamba hata saa nyingi za kweli zilipakwa dhahabu juu ya shaba ya manjano. Nililetewa saa ya kweli kabisa ya mwalimu mmoja Mprotestanti, zawadi ya baba mkwe, imeliwa na asidi upande mzima. Alikuwa ameshamrudisha mke kwao kwa sababu ya tone lile. Nilimwambia aende kumchukua mke wake kwanza, mafuta ya saa yangesubiri.

Sasa nifike kwenye saa iliyonifanya nijulikane.

Tata Nawej alikuwa mwendeshaji wa pele, ile mashine kubwa ya kuchimbia, huko mgodini Mutoshi. Alikuwa mtu wa Sandoa, na kila alipokwenda kwao likizo alirudi amebeba muhogo na kuacha sifa nyuma yake, hasa sifa za saa yake ya dhahabu. Aliugua wiki mbili tu, akafa. Katika ukoo wake, kilio kinapomalizika, mmoja huchaguliwa kulipokea jina la marehemu, na hupewa kitu kilichokaa mwilini mwake. Zamani kilikuwa mshipi au kisu. Kwa mtu wa mgodi kilikuwa saa.

Aliyechaguliwa alikuwa mpwa wake, Muteb, kijana wa suruali pana. Kabla hata hajaivaa aliipeleka Lubumbashi kwa sonara ili ajue bei yake. Sonara aliitazama, akamrudishia: ya kuiga. Ukoo ukakaa, ukafikiri, ukapata jibu moja. Nawej hakuwa mtu wa saa ya bongo. Kwa hiyo mjane wake, Mama Kalenga, ndiye aliyeiuza ile ya kweli wakati mgonjwa amelala, akaweka hii mahali pake. Waliamua aondoke kwenye nyumba, aache cherehani, aache na watoto. Watoto wangekwenda Sandoa.

Mama Kalenga hakugombana nao. Alisema neno moja: "Hapa Kolwezi kuko fundi wa diplôme. Akisema niliiba, nitatoka mwenyewe kwa miguu yangu."

Hivyo asubuhi moja nilifika barazani nikawakuta. Tata Kapend, kaka mkubwa wa marehemu, amevaa koti licha ya joto. Muteb, amesimama. Mama Kalenga peke yake upande wa pili, kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yao watu wa soko, kwa sababu habari ya namna hii haihitaji redio.

Tata Kapend aliweka saa juu ya kioo, akaniita raia kwa Kifaransa, kama serikali ilivyotaka. "Citoyen fundi, hatukukuja kwa maneno mingi. Sema moja tu: iko ya kweli ao iko ya bongo?"

Niliiweka sikioni, nikaijaza ufunguo kidogo, ikapiga mara chache kisha ikasimama. Nilikuwa nimeshajua. Ningeweza kusema ni ya kweli na Mama Kalenga angebaki na watoto wake mpaka siku ambayo Muteb angempata sonara mwingine. Siku hiyo angefukuzwa mara mbili, na mimi ningekuwa fundi muongo wa kwanza mwenye diploma katika Shaba nzima. Tena nyuma yangu, ndani ya duka, Baba Ramazani alikuwa na trei ya saa zinazofanana na hii kama mayai.

Nikasema, "Ni ya kuiga."

"Njo ile! Ndiyo hiyo!" Muteb alipiga makofi. "Nilisema! Sikusema?"

Mama Kalenga hakulia. Alishika ncha ya kitambaa chake akaikunja, akaikunjua.

"Ikaleni," nikasema. "Nimejibu swali lenu, lakini swali lenu si hili. Mnataka kujua kama Mama aliibadilisha. Hilo hamjaniuliza bado."

"Iko tofauti gani?" akauliza Muteb.

"Tofauti yake ni miaka yangu ya shule. Tulia." Nikamgeukia Tata Kapend. "Tata, ndugu yako alivaaka saa mukono gani?"

Mama Kalenga alifungua mdomo. Nikamwinulia kiganja: si wewe.

"Wa kuume," alisema Tata Kapend. "Na uso ndani, chini ya mukono. Tulimuchekaka. Eti njo vile batu ba mashini banavaaka."

Nikampa lupu, nikamwonyesha ukingo. Dhahabu ilikuwa imeisha sehemu moja tu, mwinuko mdogo uliolainika kama kokoto ya mtoni, pale ambapo mkono wa kuume ukishika usukani wa pele husugua chuma siku nzima. Hakuna anayeweza kuusugua hivyo kwa wiki mbili. Kisha nikafungua kifuniko. Vumbi jekundu lilikuwa limejipanga ukingoni tabaka juu ya tabaka, gumu kama tofali. Na ndani ya kifuniko kulikuwa na reli.

Reli ndefu, mataruma yamepangana kutoka ukingo mmoja kuelekea mwingine. Ya kwanza yamefifia, ya mwisho bado yanang'aa. Tata Mwamba alikuwa ameifungua saa hii mwaka baada ya mwaka, na Tata Mwamba aliondoka Kolwezi wakati Nawej bado anaruka juu ya pele kama kijana. Niliwaeleza yote. Watu wa soko walianza kunong'ona.

Muteb hakuwa mjinga. "Pengine Mwamba alitengeneza hii saa ya mutu mwingine wa mashini. Kisha Mama akauziwa."

Nilikuwa natafuta jibu la kumpa nilipoona Baba Ramazani ametoka, anafuta mikono. Hakuna aliyemwita. Angeweza kubaki ndani na trei yake.

"Ile saa, ni miye niliuzisha," alisema. "Nawej alikuja na mushahara yake ya kwanza ya pele. Nilimuambia: hii iko ya kuiga. Akauliza: inatembea? Nikasema inatembea. Nikamupunguzia bei juu iko na kilema. Angalia nne."

Tata Kapend aliinua saa karibu na jicho lake. Namba nne usoni ilikuwa imeinama upande, kama mtu aliyeegemea ukuta. Midomo yake ilianza kutetemeka, nikadhani ni hasira, kumbe kilikuwa kicheko.

"Nne ya kulewa," alisema. "Nilimuambiaka mi mwenyewe, kwetu Sandoa! Nikasema: Nawej, saa yako iko na nne ya kulewa. Akanijibu: njo vile Bazungu banaandikaka." Kisha kicheko kikavunjika, na mzee yule wa koti akalia mbele ya soko zima. Alipopata sauti alimgeukia mjane. "Mama, nyumba ni yako. Batoto ni bako. Shiye njo tulikosa."

Mama Kalenga aliitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi, na ndipo nikaona machozi. "Haitembei," alisema. "Tangu siku alikufa, haitembei."

"Mi sivai saa ya bongo," Muteb alinong'ona.

"Ya Nawej njo hii," akasema Tata Kapend. "Hakuwa na ingine."

Niliisafisha mbele yao, nikaondoa tofali lile la vumbi kwa kijiti, nikatia mafuta. Ikatembea. Waliniuliza malipo nikayataja, maana mimi si padri. Kabla ya kufunga nilichukua sindano, na mkono wangu ukataka kuandika herufi yangu na taji yake. Hakuna kazi iliyostahili alama yangu kuliko ile. Lakini sindano haikuwa yangu. Nikaongeza taruma.

Baada ya hapo walikuja kutoka Sandoa, kutoka Lubudi, kutoka kambi zote za mgodi. Baba Ramazani, badala ya kupoteza wateja, aliwapata wengi zaidi, kwa sababu mtu aliyesema "ni miye niliuzisha" bila kuulizwa huaminiwa. Alipanga trei mbili, ya kweli huku, ya kuiga kule, na mimi ndiye niliyeamua ipi iende wapi. Hakuna hata moja iliyorudi. Nami nilijinunulia vyombo kidogo kidogo: vibano kutoka Lubumbashi, bisibisi kutoka kwa mhandisi aliyekuwa anarudi Ulaya, mafuta kwa posta. Mwisho kabisa, sindano.

Siku ya kurudisha nilivyokopa niliipanga kama sherehe. Nilikuwa nimepata chumba changu chenye mlango na kufuli. Asubuhi nilibeba kiti kichwani mpaka ofisini kwa mjomba. Alikigeuza chini juu. "Umekitengeneza mguu," alisema, kana kwamba nimemtukana. Wiki hiyohiyo alileta saa yake, akiificha ndani ya leso. Baba Ramazani nilimrudishia baraza iliyofagiwa na meza yenye kioo kipya. Akapitisha kidole pembeni, pale palipokuwa pamepasuka, akasema, "Si nilikuambia? Vile vile."

Tata Mwamba alikuja mwenyewe kwa treni kuchukua sanduku lake, na gunia la mahindi akanipa mimi. Tulikuwa tumekaa chumbani kwangu, vyombo vyake viko mapajani pake, vyangu viko mezani, mlango ulipofunguliwa. Alikuwa Muteb. Suruali zilikuwa zimepungua upana. Sasa alikuwa anafanya kazi Mutoshi, na watu wote walimwita Nawej.

"Tata fundi, imesimama," alisema, akavua saa kutoka mkono wa kuume, uso ukiwa ndani.

Nilifungua kifuniko. Tata Mwamba aliinama kutazama, akatambua reli yake, akacheka puani.

"Tata," nikamuuliza, "miaka yote ile ulijua ni ya kuiga. Hukumuambia mwenyewe?"

"Aliniulizaka tu kama itatembea," alisema. "Ile ingine hakuniuliza."

Nikaisafisha. Nikachukua sindano yangu, mali yangu. Ile herufi yenye taji nilikuwa nimeifanyia mazoezi miaka mingi, lakini nilipoinamia kifuniko niliona reli imefika karibu na ukingo, imebaki nafasi ndogo tu mwishoni. Nikachora kibanda cha stesheni, paa na mlango. Ndiyo alama mliyoiona ndani ya maelfu ya vifuniko, na ambayo baadhi yenu mmenicheka kwamba inafanana na choo.

Tata Mwamba alibana lupu yangu jichoni, akaitazama kwa muda.

"Umeandika mubaya," alisema. "Lakini inasomeka." Akafunga sanduku lake.

Nikakibana kifuniko, nikaijaza saa, nikamwekea Muteb sikioni.

"Inatembea?" nikamuuliza.

Alisikiliza, amefumba macho. Kisha akaivaa, uso ndani, akarudi kazini.